Spika ya Sita

Mdogo wangu ni fundi spika, tena mbishi: ukimwambia pasi ina moto, ataigusa kwanza. Juzi alifunga spika nane kwenye ukumbi wa kusubiri, moja kila dirisha la huduma. Kompyuta yake inaenea kiganjani, lakini ameichomekea kadi ya sauti yenye njia nane, ili kila dirisha liite watu wake bila kuingiliana.

Nilimsaidia kubeba ngazi. Kwa majaribio hutumia sauti ya mama yetu, aliyoirekodi zamani mama akiwa jikoni akihesabu hadi nane. Kila spika ikataja namba yake: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita ikasema, "Lakini mwanangu, umekula?" Kisha saba, nane.

Msimamizi wa ukumbi akacheka. "Fundi, hiyo ya sita si uirekodi upya?"

"Kwani haisikiki?" akamjibu kwa ukali.

Mama tulimzika miaka minne iliyopita.

Msimamizi alipotoka, mdogo wangu akarudia jaribio. Ilipofika ya sita, akajibu taratibu, "Bado, mama."

Nikaiegemeza ngazi ukutani, nikaenda kumtafutia chakula.