Kilima cha Kwenda Shambani kwa Nasor

Miaka ile ya themanini, ofisini katika mji wetu wa Ibra, niliwachosha wenzangu kwa Ufaransa. Nilisoma huko, na haikupita siku bila kusimulia nilivyokata kwa baiskeli mabonde ya mito, vilima na mashamba ya mizabibu.

"Basi Ijumaa njoo shambani kwangu kwa baiskeli, yakhe," Nasor akasema. "Ukishindwa, Ufaransa hatutaki kuisikia tena."

Nilitoka asubuhi. Jua lilipokolea nilikuwa nimekaa kando ya barabara chini ya kilima, ulimi nje. Mzee mmoja akasimamisha pikapu. Kwetu, mtu mzima akionekana juani na baiskeli hudhaniwa amepatwa na msiba, hupakiwa bila kuulizwa. Nilikataa mara moja tu, kwa adabu.

Nilishuka karibu na shamba, nikajirushia maji ya mfereji yafanane na jasho, nikaingia nikipiga pedali kifua mbele.

Nasor akanimiminia kahawa. "Kile kilima umekipanda kwa gia ya ngapi?"

Kabla sijajibu, yule mzee akaingia na kofia yangu niliyoisahau garini. Kumbe ni ami yake.

"Gia ya pili," akasema. "Pikapu yangu haikiwezi kwa ya tatu."