Moja Ipi?

Nakumbuka Alhamisi moja pale Kurasini, mwanangu, iliyoharibika kwa neno dogo tu. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika yadi ya makontena, na miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha kesho yake. Ijumaa ningepewa barua ya ajira, au ningefunga begi nirudi Songea, ambako mama alishawatangazia majirani kwamba mwanawe kapata kazi mjini. Mama zetu nao, hawangoji wali uive.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Shomari, mwenyeji wa Temeke tangu babu zake, mpole ila mchache wa maneno. Kumbukumbu zote za yadi, kontena lipi la nani na lori lipi litoke, zilikaa kwenye ghala la data katika jengo la nyuma. Huko kulikuwa na swichi moja, kile kisanduku cha kuunganisha mtandao, kwetu nyingine, na kati yake kebo mbili zilizounganishwa zifanye kazi kama njia moja. Sisi tuliziita mganda, kama mabua yaliyofungwa pamoja. Mzigo unagawanywa kwa mbili, na moja ikikatika nyingine inabeba. Umoja ni nguvu, nasi tulijivunia mganda wetu.

Asubuhi ile Mzee aliona kwenye skrini kwamba kebo moja inapitisha data mbovu. Haijafa, inaumwa tu. Na kebo inayoumwa ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu swichi inaendelea kuitwisha mzigo. Akaenda jengo la nyuma na kebo mpya, kisha akanipigia simu.

"Binti, toa moja."

"Ndiyo, Mzee."

Basi. Nikazitazama zile kebo mbili. Hakusema ipi, nikajiambia yoyote sawa. Nilisita, nakiri, ila kwetu tulilelewa kwamba mkubwa akishasema haulizwi mara mbili. Tena sikutaka anione mbumbumbu siku moja kabla ya barua. Nikachomoa ya kwanza.

Matundu ya swichi zetu, mwanangu, yalihesabiwa kuanzia sifuri. La kwanza ni sifuri, la pili ndilo moja. Mzee alitaka namba moja, tena alitaka niitoe kwanza kwenye mganda kwa amri ya kompyuta, mzigo uhame taratibu, ndipo mkono uiguse. Mimi nilichomoa kebo nzima, nikaiacha ile mgonjwa ibebe mzigo wote.

Hazikupita dakika mbili. Vibali vya kutokea getini vikagoma kuchapwa, malori yakapanga foleni mpaka barabarani, madereva wakapiga honi na kututukania mama zetu. Mama yangu wa watu, huko Songea, anajua nini? Meneja akaja mbio.

"Nani kachomoa?"

Mzee Shomari, aliyekwisha rudi akihema na kuichomeka ile kebo nzima, akajibu yeye. "Mie ndo nilosema vibaya. Huyu katii tu."

Meneja alipoondoka nilipiga magoti kumwomba radhi Mzee.

"Nyanyuka. Kwa nini hukuniuliza moja ipi?"

"Nilikuheshimu, Mzee."

"Umeniheshimu mie, kazi umeivunjia heshima. Heshima si utumwa, binti. Barua yako n'tawaambia wakupe. Lakini ukiniitikia tena ndiyo usoielewa, n'taichana mwenyewe."

Nililia, kwa aibu na kwa shukrani. Tangu siku ile kila nikimwamkia "Shikamoo, Mzee," alinijibu, "Marahaba. Moja ipi?" Wenzetu wakidhani kachanganyikiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali kwake Temeke. Anaumwa, siku hizi hasemi sana. Binti yake alikuwa anatoka kwenda dukani, na mezani kulikuwa na chupa mbili za dawa.

"Dada, ikifika saa sita mpe moja hapo."

"Moja ipi?" nikauliza.

Akasimama mlangoni, akashika kifua. "Jamani! Hiyo nyeupe. Ile nyingine ya kupaka miguu."

Kutoka kitandani, macho kayafumba, Mzee akasema, "Marahaba."

Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi juzi, nakuusia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukiambiwa utoe kebo, uliza ipi, kisha irudie namba kwa sauti mpaka aliyekutuma aseme ndiyo. Neno hilo la ndiyo liwe lake, si lako. Itoe kwenye mganda kwa amri kabla hujaigusa kwa mkono, na hakikisha inayobaki ni nzima. Na utakapokuwa mkubwa, anayekuuliza mara mbili usimfokee, maana huyo anakulinda.

Mungu akujalie wakubwa wanaoulizika, mwanangu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kusimama mbele yako kama nilivyosimamiwa mimi.