Mama Petro Hakuimba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na usidhani naikumbuka kwa raha. Tangu juzi uniachie hizi nota zako za misa ya kumuaga marehemu katekista wa Nyasubi sijatulia. Nazisoma, naziweka, nazichukua tena. Umetunga vizuri, sikatai. Ndiyo maana nimekuita.

Nilikuwa na umri kama wako, mwalimu wa kwaya kwenye kigango kimoja huko Geita, katikati ya machimbo. Nusu ya wanakwaya walikuwa wachimbaji. Walikuja mazoezini na vumbi la mawe kwenye nyusi. Mmoja aliitwa Petro, alikuwa besi. Ah, besi ya Petro! Ulikuwa unaisikia mpaka kwenye benchi ulilokalia. Kusoma nota hakujua hata moja, lakini ukimwimbia mara moja ameshashika.

Duara alilokuwa akichimba, yaani lile shimo lao, likaporomoka. Walimtoa siku ya tatu.

Mama yake alikuja kwa basi kutoka Chato, mwanamke mfupi, mpole. Alinikuta kanisani napanga nota. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Akaniambia mengine yote tufanye tunavyoona, yeye anaomba kitu kimoja tu: jeneza likitolewa kanisani, tuimbe ule wimbo wa zamani ambao Petro alizoea kuuanzisha nyumbani, yeye akimwitikia. Mistari miwili na kiitikio. Kanisa zima liliujua.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku mbili nzima nilikuwa nimeshinda nikitunga wimbo wangu wa kumuaga Petro. Sauti nne, ufunguo wa sauti unabadilika mara mbili katikati, teno na soprano wanapishana kama bodaboda za Kahama. Wakati ule nilikuwa nasema wimbo unaoimbwa na kila mtu ni wa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Tena nilikuwa nimesikia kwamba padre mmoja anayeujua muziki atatoka Shinyanga kuja kuongoza misa. Nilitaka anisikie. Sina sababu nyingine ya kukupa, nimeitafuta miaka yote hii na sijaipata.

Nikamwambia yule mama, kwa maneno matamu kabisa, kwamba mwanawe anastahili kitu kikubwa kuliko kale kawimbo. Akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa, mwalimu. Ninyi ndio mnaojua." Nami nikafurahi, fikiria!

Siku ya misa kwaya haikukosea hata nukta. Padre aligeuza shingo kututazama. Jeneza likaanza kutoka. Wachimbaji walikuwa wamejaa mpaka uani, kofia mkononi, midomo imefungwa, wanatuangalia kama watu waliokuja kutazama mpira. Mama Petro alikuwa nyuma ya jeneza. Nikamwona anafungua mdomo, anatafuta pa kuingilia. Tukabadilisha ufunguo, akafunga mdomo. Akaufungua tena karibu na mlango, nasi tukabadilisha tena. Alitoka nje hajatoa sauti.

Nilimwona, mwanangu. Mkono wangu ndio uliokuwa unaongoza, ningeweza kuushusha na kuanza ule wimbo wake. Sikuushusha.

Baada ya kuzika, padre alinishika mkono akanisifia sana. Nikaenda kumpa mama pole. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwalimu," kisha akasema taratibu, "Mmemwimbia vizuri mwanangu. Mimi sijamwimbia."

Afadhali angenitukana.

Zile sifa za padre hazikunikaa hata siku moja. Nikatunga wimbo mwingine, mwepesi, kiitikio nikakichukua kwenye ule wa kwao, nikapanda basi mpaka Chato. Nilimkuta uani anaanika dagaa. Nikamwimbia. Aliitikia, mikono ikiwa kwenye dagaa, na sauti yake ilikuwa ileile ya Petro, nzito. Nikajua nimeshasamehewa. Tulipomaliza akasema, "Ni mzuri. Waimbie wengine. Petro keshazikwa."

Ndiyo kazi niliyofanya tangu siku hiyo, kuwaimbisha wengine. Watu wananisifu, wanasema nyimbo za mzee huyu kanisa zima linaimba. Hawajui natafuta nini. Kila jeneza likitoka, macho yangu hayako kwa kwaya, yako kwenye mdomo wa mama anayelifuata.

Basi nasaha yangu ni hii, chukua. Tunga sauti nne, tunga hata nane, Mungu anapenda kazi iliyofanywa kwa bidii. Lakini ibada ni ya wote waliokuja, na muziki wako umewekwa pale uwasaidie kusali. Kwenye kila wimbo acha mahali ambapo mtu asiyejua nota, aliyefiwa, anaweza kuingia bila kuomba ruhusa. Na akikuomba wimbo wake, mpe, hata kama wako ni bora mara mia.

Nota zako hizi hapa, sijaandika kitu juu yake. Nenda kwanza Nyasubi, kaa na mjane wa katekista, umuulize anataka kuimba nini. Mungu akupe nyimbo nyingi na masikio ya kuwasikia watu wake, na mkono mwepesi wa kushuka pale wangu ulipokuwa mgumu. Nenda sasa hivi, mwanangu. Misa ni kesho, na kesho akishazikwa hutaweza kurudi.