Mbuzi wa ntheo walionona ndani ya kompyuta yangu: jinsi 4:3 na 16:9 zilivyotaka kuvunja harusi ya kaka yangu

Wakuu, hamjambo. Nawaandikia kutoka Mumbuni, Machakos. Nitakayosema hapa yalitokea kweli, na asiyeamini, tepu bado ninayo.

Kuna swali lililoninyima usingizi: mtu akinona ndani ya kompyuta yako, na akafurahia, una haki gani ya kumkondesha?

Msicheke bado.

Nilimaliza chuo mwaka jana. Digrii iko ukutani, kazi haiko. Nikanunua kamera ya mini DV, ile ya tepu ndogo, ya mtumba lakini nzuri, nikaanza kurekodi sherehe. Kazi ya kwanza kubwa ikawa ya nyumbani: ntheo ya kaka yangu Muthama.

Kwa wasiojua, ntheo ni ile siku sisi Wakamba tunapeleka mbuzi nyumbani kwa msichana. Bila hiyo, hata mfunge harusi kanisani mara tatu, wazee wanawaona tu kama watu mnaofahamiana.

Mbuzi wetu walikuwa watatu. Hawakuwa wamekonda, hawakuwa wamenona. Mbuzi tu. Kumbukeni hilo.

Sasa, mimi ni mtu wa kuwaza. Kabla ya siku yenyewe nilikaa cyber nikisoma habari za PAL na NTSC, mifumo ya TV ya kwetu na ya Marekani, mpaka mwenye cyber akaanza kunionea huruma. Wasiwasi wangu ulikuwa fremu, zile picha zinazopita kila sekunde. Nikikosea, je, mbuzi wataonekana wakitembea kwa kurukaruka mbele ya wakwe? Nikaweka fremu 25 kwenye kamera, 25 kwenye project ya kuhariri, 25 wakati wa kuexport, yaani kuitoa video ikiwa tayari.

Mbuzi wangu walitembea vizuri kabisa. Mpaka leo hakuna aliyelalamikia mwendo wao.

Shida ilikuwa upana, jambo pekee ambalo sikuliwazia.

Kamera ilirekodi 4:3, ile picha ya TV za kawaida. Nilipofungua project kwenye kompyuta nikaona kuna 16:9, ile pana ya sinema. Nikaichagua kwa sababu nilisoma kwamba dunia inaelekea huko, na mimi sikutaka kuachwa. Programu ikachukua picha yangu, ikaivuta kando mpaka ikajaa. Wakati wa kuexport nikachagua 16:9 tena, nikajisifu kwamba settings zangu zinalingana.

Zililingana kweli. Ila kamera hakuna aliyeiuliza.

Mtaniuliza, hukuona? Niliona. Nilimwona shangazi amejaa, nikawaza, shangazi siku hizi maisha yamemkubali. Nikaona mbuzi wamejaa, nikawaza ni angle. Ukitazama picha moja muda mrefu, macho yanakubali chochote.

DVD ikatoka. Baba yangu ni mwembamba tangu azaliwe, lakini kwenye DVD alikuwa na mashavu na kitambi cha heshima. Akaitazama akitingisha kichwa.

"Hizo ndizo mbuzi," akasema. "Si mnaona? Hizi zetu zilikuwa nusu ng'ombe."

Kuanzia hapo, kila mgeni aliyepewa chai kwetu alipewa na video. Copy moja baba akaituma Masinga, kwa akina Mwende, mchumba wa Muthama, iwe zawadi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mbuzi mmoja alichinjwa siku ile ile ya ntheo. Wawili walibaki kwa Mzee Nzioka, mjomba wa Mwende, ambaye ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki. Wazee wa kule wakaketi mbele ya TV ndogo inayotumia betri ya gari. Wakaona mbuzi wanene. Wakatoka nje, wakaangalia mbuzi waliofungwa kwa Nzioka. Wakarudi kwenye TV. Wakatoka tena.

Nusu yao wakasema Nzioka ameuza wale wazuri akanunua wanaofanana nao. Nusu wakasema ni wale wale, ila amewanyima chakula.

Na hawa watu walikuwepo, wakuu! Waliwapokea mbuzi kwa mikono yao wenyewe. Lakini TV ilikuwa imeshasema.

Muthama akanipigia simu.

"Nzioka amesema harusini haji. Ati mtu anayeitwa mwizi wa mbuzi hawezi kumshika msichana mkono mbele ya kanisa."

"Na Mwende?"

"Mwende anasema bila huyo mzee yeye haingii kanisani. Wee, hiyo video yako iko na nini?"

Nikafungua kompyuta, nikatazama kama mtu mgeni. Nyuma ya mbuzi kulikuwa na pick-up iliyowaleta. Tairi lake lilikuwa kama yai lililolazwa.

Nikaangalia settings za kamera: 4:3.

Nikisema, mbuzi wa baba watakonda Mumbuni nzima, na mimi nitajulikana kama fundi anayevimbisha watu. Nani atanipa kazi? Nikinyamaza, mzee wa watu atabaki mwizi, na kaka yangu atabaki bila harusi. Niliwaza hata kurekebisha DVD kimya kimya na kuibadilisha. Kisha nikawaza, watasema sasa Nzioka amebadilisha hata mbuzi wa kwenye TV.

Nikaanza na baba.

"Baba, zile mbuzi hazikuwa kubwa hivyo."

"Nani amesema?"

"Kompyuta ilizivuta. Ni makosa yangu."

Akaelekeza kidole kitambi chake kwenye TV. "Na mimi?"

"Hata wewe, baba."

"Asi! Na vile daktari aliniambia niongeze mwili, nikajua nimeongeza." Akaizima. "Sasa ungenyamaza ungekufa?"

"Nzioka anaitwa mwizi, baba."

Akaitoa DVD kwenye deki, akaishika kifuani. "Enda. Lakini copy yangu usiguse."

Nikaenda Masinga na kamera, waya zake na tepu yenyewe. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba kuhusu aspect ratio, yaani upana wa picha kwa urefu wake. Nilipofika mbele ya wazee nikaanza na pixel, na bibi mmoja akauliza kama huo ni ugonjwa wa mbuzi.

Nikaachana na hotuba. Nikaweka DVD, nikaisimamisha pale kwenye pick-up.

"Angalieni tairi."

Wakasogea.

"Hii gari ilifika hapa namna gani?" mzee mmoja akauliza.

Nzioka alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango.

"Labda hata tairi nililinyima chakula," akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa wale waliomwita mwizi.

Nikachomeka kamera kwenye TV, nikacheza tepu. Tairi likawa duara. Mbuzi wakawa mbuzi. Wazee wakatoka nje mara ya mwisho, wakaangalia, wakarudi wakiwa wapole. Mmoja wao akampa Nzioka mkono, kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo kijana, ulitudanganya."

"Sikuwadanganya, mzee. Settings hazikulingana."

"Ni kitu kimoja," akasema. Nimelifikiria jibu lake tangu siku hiyo.

Nilichojifunza: anza na kamera. Angalia imerekodi nini, umbo la picha na fremu, kisha project ifuate hiyo, na kuexport kufuate project. Usichague kitu kwa sababu dunia inaelekea huko kama kamera yako haielekei huko. Na kabla hujampa mtu DVD, tafuta kitu cha duara kwenye picha: tairi, sufuria, saa ya ukutani. Kama si duara, usiamini mashavu ya mtu yeyote.

Yaliyowahi kuwapata kama haya yaandikeni hapa chini, tafadhali, nisiwe peke yangu. Na mwenye wazo la jinsi ya kumpokonya baba ile copy, natafuta msaada.

Harusi ilifanyika Jumamosi iliyopita. Nilikuwa mlangoni mwa kanisa na kamera wakati Nzioka alipomleta Mwende, mzee amevaa koti jipya. Badala ya kuingia, akasimama mbele yangu.

"Kijana, leo niko saizi gani?"

"Saizi yako, mzee."

Akajiangalia tumbo, akaangalia kamera, akainama karibu nami. "Na hakuna ile ya baba yako?"

Mwende alikuwa anamvuta mkono. Kwaya ilikuwa inasubiri. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kule nyumbani 16:9 ilikuwa bado iko kwenye kompyuta. Nikawaza, kwa sababu mimi ni yule yule.

Kisha nikaamua kila kitu kibaki 4:3, nikabonyeza rekodi.