Mtoto wa Nyumba ya Kemuma

Kemuma wa Ikonge alijaliwa binti mmoja tu, Mokeira, na kwa mjane wa Kikisii wa siku zile hilo lilitosha kumnyima usingizi. Shamba lilikuwa lake kulima, si lake kurithisha. Wapimaji wa ardhi walipokuja, shemeji yake Machogu alimwambia bila haya, "Shemeji, nyumba isiyo na mwana ni kichaka. Shamba litarudi kwetu."

Litarudi! Kana kwamba lilikuwa limetoroka.

Kemuma hakukaa kulia. Mokeira alikuwa ameolewa, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa wa nyumba ya mama. Akawaswaga hadi Nyamache, akaoa. Ndiyo, akaoa, kama mila ilivyoruhusu: akamposa Esnah awe mke wa mwana ambaye hakuzaliwa kamwe. Esnah akajifungua mvulana, Ombui, aliyehesabiwa mtoto wa mwana huyo, na shamba likaandikwa kwa jina la mtoto. Machogu akanywea.

Lakini Kemuma, tuseme ukweli, alimpenda mtoto na kumtumia mama yake kama jembe. Esnah alivumilia weee, mwisho akamfunga Ombui mgongoni akaenda kuchuma chai Kericho.

Miaka ikapita. Ndizi ziliivia mgombani zikaliwa na ndege. Kemuma alisonga ugali wa mtu mmoja, na mtu mmoja, jamani, hana hamu ya ugali. Upweke ulimtafuna. Wazee wakamwambia, "Kamchukue. Ng'ombe wako wako kwao, mtoto ni wako." Na kwa mila walisema kweli.

Akaenda Kericho. Esnah alipomwona mlangoni alijua. Hakubishana; alianza kukunja nguo za mtoto huku machozi yakimtoka.

"Mama, huyu ni nani?" Ombui akauliza.

"Ni nyanya yako. Unaenda kuishi naye."

Mtoto akaishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili.

Kemuma alimtazama. Moyo ulimuuma, maana alikuwa na haki yote na mtoto hamjui hata jina.

"Esnah, mwanangu, rudisha hizo nguo," akasema. "Nilikuja kuwasalimu tu."

Aliporudi Ikonge, jirani yake Orpah akamwita kutoka ng'ambo ya ua, "Mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yake," Kemuma akajibu, akaingia ndani peke yake.