Kinundu cha Namba Tano

Kitochi, simu ya batani aliyoniachia mama, bado kinanuka dagaa alizokuwaga anauza. Nikikinusa niko mtoto tena, Mugango ziwani, baba amemkalia mama kifuani, anampiga ngumi za mdomo.

“Wewe simama hapo uangalie! Ukipiga kelele unafuata!”

Nikasimama, namkodolea baba macho, kitochi nimekificha mgongoni. Kidole gumba kikapapasa kile kinundu cha namba tano, nikamwandikia mjomba “njoo” bila kuangalia chini. Mjomba akaingia na kasia, akamvunja baba mkono.

Simu ya kupangusa ni laini tupu, usipoiangalia huandiki kitu. Jana mume wangu aliniona nimeiinamia, akanipasulia nayo mdomo.

Leo nimechaji kitochi, nimemfunga binti yangu macho kwa kanga, nimempa akishike mgongoni.

“Mwandikie babu, yule mjomba wangu mwenye kasia: njoo. Tena. Haraka.”