Senje Ametafuta Kitufe cha Kuchinja Kuku

Leo senje alikuja kuninyang'anya gemu. Ikawa ni mimi naomba zamu.

Senje ni dadake baba. Ametoka Navakholo kwa sababu ameskia huku Shirere sisomi, nachezanga tu.

Alinikuta kwa gemu ya shamba. Hata salamu hakumaliza.

"Hii mahindi umeibananisha hivi, itazaa nini?"

Nikampa padi ya kuchezea. "Basi panda wewe, senje."

Hapo ndipo nilipokosea.

Alipanda, akapalilia, akafuga kuku hadi wakataga. Mara mzee fulani wa kwa gemu akatokea kwa geti, amekuja kuchukua mayai.

Senje akasimama wima.

"Mgeni amefika! Kitufe cha kuchinja ingokho ni gani?"

"Hakuna, senje. Hapa kuku hawachinjwi."

"Kwa hivyo atoke kwa boma yangu na njaa?"

Waluhya wenzangu, mnaijua hiyo aibu. Alimwomba yule mzee msamaha kwa sauti, mkono kifuani. Anaongea na skrini!

Mzee akachukua mayai, akainama kushukuru, akaenda.

"Ako na adabu huyo," senje akasema, na padi hakuirudisha hadi saa kumi.

Mngekuwa mimi mngecheka? Mimi nilijikaza.

Amenipigia sasa hivi akiwa njiani kurudi kwake. Nikajua ni mambo ya vitabu.

"Yule mzee akirudi, umwambie nimeenda kumtafutia jogoo."